Bajeti Imefungana, Lakini Fedha Zipo?

Swali: "Mimi ni diwani mpya katika mji mdogo wa vijijini. Mwajiri mkubwa tuliyekuwa naye amepunguza wafanyakazi, maduka yanafungwa moja baada ya jingine, na uchumi kwa jumla umedorora. Mweka hazina wetu anasema tusiwe na wasiwasi: bajeti imesawazishwa na makusanyo ya mwaka huu hayajashuka sana. Baadhi ya madiwani wenzangu wanataka tukope, wengine wanataka tufute kasma (fungu la bajeti) ya matengenezo mpaka hali itengemae. Nitaijuaje hali halisi ya fedha za mji, na tukibanwa tuanze kupunguza wapi?"

Jibu:

Mheshimiwa, mweka hazina wako huenda anasema kweli tupu na bado ukawa na sababu ya kukosa usingizi. Bajeti ni makisio. Mmekaa mkakubaliana kwamba mwaka huu mtapata kiasi fulani na kutumia kiasi hichohicho, hesabu zikafungana, mkaipitisha. Mji unakwama siku mishahara inapotakiwa kutoka na akaunti haina kitu, au siku mzabuni wa dawa ya kusafisha maji anaposema hapakii tena mzigo mpaka alipwe deni la zamani. Mambo hayo hayaandikwi kwenye bajeti. Mimi ninapoletewa hesabu za mji mdogo, bajeti huwa karatasi ya mwisho kuifungua.

Tuanze na hilo la makusanyo ambayo hayajashuka sana. Mapato ya mji hayaanguki yote kwa pamoja. Kila aina ina saa yake. Kodi ya mauzo na ushuru wa biashara husikia ukata wa watu mwezi uleule. Ada za vibali vya ujenzi hukauka hata kabla, maana mtu anayeiogopa kesho hachimbi msingi leo. Kodi ya majengo huchelewa, kwa sababu hutozwa kwa thamani iliyokadiriwa mwaka mmoja, miwili au zaidi nyuma. Ruzuku kutoka juu huchelewa pia: serikali kuu huona kwanza mapato yake yenyewe yakishuka, hujadili, ndipo hupunguza mafungu ya walio chini. Nchini Marekani bei za nyumba zilianza kushuka kati ya 2006 na 2007, na mdororo wenyewe unahesabiwa kuanzia Desemba 2007 hadi Juni 2009. Lakini makusanyo ya kodi ya majengo katika miji yalianza kupungua kwa jumla mnamo 2010, mdororo ukiwa umekwisha vitabuni, na ajira katika serikali za mitaa ziliendelea kupungua mpaka kufikia 2013. Kwa hiyo makusanyo ya mwaka huu mnayoyasifu yawezekana ni mavuno ya mwaka juzi.

Kuna kipimo kimoja kinachotangulia vingine, nacho hakihitaji mtaalamu. Uliza: kati ya kodi yote iliyotozwa mwaka huu, asilimia ngapi imelipwa ndani ya mwaka huuhuu? Sisitiza neno "huuhuu", kwa sababu ripoti nyingi huchanganya kodi ya sasa na malimbikizo ya miaka iliyopita yaliyolipwa sasa. Mji ukifanya kampeni ya kukusanya madeni ya zamani, jumla hupendeza, kumbe wanaolipa kwa wakati wanazidi kupungua. Ikiwa miaka mitatu iliyopita walilipa 95 katika kila 100 na leo wanalipa 89, hizo 6 ndizo habari, hata kama jumla kuu haikutikisika. Na ukishapata asilimia hiyo, omba orodha ya walipakodi kumi wakubwa. Katika mji mkubwa kumi hao ni sehemu ndogo ya mapato. Katika mji kama wako mmoja wao peke yake anaweza kubeba robo ya kodi yote, na kwa maelezo yako naona tayari unamjua ni nani.

Hapo ndipo mji mdogo unapotofautiana na jiji. Jiji likipoteza sehemu ya kumi ya mapato, hupunguza sehemu ya kumi ya watumishi, kwa maumivu lakini inawezekana. Mji wenye fundi mmoja wa mitambo ya maji hauwezi kumpunguza fundi nusu. Bomba lililolazwa kwa ajili ya kaya 2,000 lina urefu uleule zikibaki kaya 1,200; pampu inatumia umeme karibu uleule, na deni lililojenga mtambo halijui kwamba watu wamehama. Gharama zimegandishwa, walipaji wanayeyuka, na kila anayebaki anabebeshwa zaidi. Akibebeshwa sana naye anaondoka.

Mfano ninaoutumia kila mara ni Yubari, katika kisiwa cha Hokkaido nchini Japani. Ulikuwa mji wa makaa ya mawe, na kwenye sensa ya 1960 ulikuwa na watu zaidi ya 100,000. Migodi ikafungwa mmoja mmoja, wa mwisho mwaka 1990, na vijana wakaondoka nayo. Mji ukajaribu kujigeuza kuwa wa kitalii: makumbusho ya makaa ya mawe, uwanja wa michezo ya burudani, hoteli na mlima wa kuteleza kwenye theluji, karibu vyote kwa fedha za kukopa. Watalii hawakufika kwa idadi iliyotarajiwa. Ila lililoumaliza mji, kwa maoni yangu, ni uhasibu wa baada ya hapo. Kila mwisho wa mwaka wa fedha, shimo lilizibwa kwa mikopo ya muda mfupi na kwa mifuko ya mji kukopeshana yenyewe kwa yenyewe. Kanuni ziliacha vitabu vya mwaka wa zamani wazi kwa wiki kadhaa baada ya mwaka mpya kuanza, kwa hiyo fedha za mwaka mpya zilitumika kuufanya mwaka wa zamani uonekane umefunga salama. Mwaka uliofuata shimo likawa kubwa zaidi, na likazibwa vilevile. Kwenye karatasi mji haukuwa na nakisi ya kutisha. Mwaka 2006 ukatangaza kwamba hauwezi tena, na deni la kulipwa lilikuwa yen bilioni 35 hivi, mji ukiwa umebaki na watu wapatao 13,000.

Kilichofuata kinapaswa kusomwa na kila diwani anayesema "tutakopa kidogo tuvuke mwaka". Mpango wa kwanza wa kulipa ulikuwa wa miaka 18. Watumishi wa mji wakapungua kufikia karibu nusu kwa mwaka mmoja, na mishahara ya waliobaki ikakatwa. Shule za msingi zikaunganishwa mpaka ikabaki moja. Hospitali yenye vitanda 171 ikageuzwa kuwa zahanati ya vitanda 19. Kodi na ada zikapanda. Watu wakaendelea kuhama, na leo Yubari ina wakazi chini ya 10,000. Uchumi wa Japani haukuwa na mdororo mkali mwaka huo wa 2006. Mji ulikuwa ukifa kwa miaka 15, na hesabu zake zikausaidia usijue.

Kwa hiyo, ombi lako la pili kwa mweka hazina, baada ya ile asilimia, liwe hili: jedwali la fedha taslimu, mwezi kwa mwezi, kwa miezi 12 ijayo. Juu kiasi kilichopo benki leo, chini yake kinachotarajiwa kuingia na kinachotakiwa kutoka, na mwisho wa kila safu kiasi kitakachobaki. Kodi huingia kwa msimu lakini mishahara haina msimu, ndiyo maana mji wenye bajeti iliyofungana vizuri unaweza kufilisika mwezi wa tisa. Tafuta mwezi ule ambao salio ni dogo kuliko yote. Huo ndio mwezi wa kujadili sasa, mkiwa bado na nafasi ya kuchagua. Mweka hazina akisema jedwali hilo halijawahi kutengenezwa, usimkaripie. Miji mingi midogo haina. Litengenezeni pamoja.

Kuhusu akiba, chama cha maofisa wa fedha wa serikali nchini Marekani, GFOA, hupendekeza akiba isiyopungua miezi miwili ya matumizi ya kawaida. Katika jimbo la North Carolina kuna tume ya kusimamia fedha za serikali za mitaa iliyoundwa mwaka 1931, katikati ya Mdororo Mkuu, na kwa miaka mingi kiwango chake cha chini kilikuwa asilimia 8 ya matumizi ya mwaka, yaani karibu mwezi mmoja. Mimi naona hata miezi miwili ni midogo kwa mji unaomtegemea mwajiri mmoja. Bomba kuu likipasuka, au yule mlipakodi mkubwa akiamua kupinga tathmini mahakamani, miezi miwili huyeyuka kwa siku chache. Lengeni minne, na msihesabu kama akiba fedha ambazo sheria au mfadhili amezifungia kwa kazi maalumu. Fedha hizo ziko benki, ndiyo, lakini si zenu za kulipia mishahara.

Dalili nyingine nitazitaja kwa haraka kwa kuwa ukizitafuta utaziona. Mfuko wa maji umeukopesha mfuko mkuu na hakuna anayekumbuka utarudishwa lini. Wazabuni waliokuwa wakilipwa ndani ya siku 30 sasa wanasubiri 90. Makato ya pensheni yamekatwa kwenye mishahara lakini hayajapelekwa kwenye mfuko wa pensheni. Hili likiwepo, acha mengine yote ushughulike nalo, maana hapo mji umeanza kuwakopa watumishi wake bila kuwaomba. Ripoti ya ukaguzi imechelewa mwaka wa pili mfululizo. Na bajeti imefungana kwa sababu tu kuna kiwanja kiliuzwa.

Sasa mpunguze wapi? Wenzako wanaotaka kufuta matengenezo wanapendekeza mkopo usio na karatasi. Paa lisilozibwa mwaka huu halikuokoi chochote. Linakudai, na riba yake ni dari, nyaya na samani zitakazooza chini yake. Kwa bahati mbaya matengenezo ndiyo kasma rahisi kuliko zote kuifuta, kwa kuwa bomba bovu halihudhurii kikao kulalamika. Mkilazimika kuigusa, tenganisheni mambo ya usalama, maji na mifereji kwanza, na msiyaguse hayo. Rangi ya ukumbi inaweza kusubiri.

Ningeanza na miradi ambayo bado haijaanza, hasa inayoleta gharama za kila mwaka baadaye. Halafu nafasi za kazi zilizo wazi: kila mtumishi anapostaafu au kuhama, kiti chake kirudi kwa madiwani kabla ya kutangazwa tena. Ni polepole, lakini hakuna anayefukuzwa na hakuna kiinua mgongo cha kulipa kwa mkupuo. Kisha tazameni mnachoweza kushirikiana na mji jirani: mkaguzi wa majengo, gari la taka, mhasibu, mfumo wa ankara za maji. Hili la kushirikiana si lazima lifike kuunganisha miji. Denmark ilipunguza manispaa kutoka 271 hadi 98 mwaka 2007, na Ugiriki, ikiwa katikati ya msukosuko wake wa madeni, ikazishusha kutoka zaidi ya 1,000 hadi 325 kuanzia 2011. Kuunganisha kunaokoa gharama za ofisi kuu. Bomba halifupiki kwa sababu limebadilishiwa mwenyewe.

Jihadharini na upunguzaji unaoonekana wa akili nyingi siku unapopigiwa kura. Loyalton ni mji wa watu wapatao 700 katika milima ya California, ambao kiwanda chake cha mbao kilifungwa mwaka 2001. Mwaka 2013 madiwani wake waliamua kujitoa katika mfuko wa pensheni wa jimbo, CalPERS, ili kuokoa michango. Kujitoa kulikuwa na bei yake: mfuko ukawadai zaidi ya dola milioni 1.6 kwa mara moja, fedha ambazo mji haukuwa nazo wala haungezipata. Waliostaafu kutoka Loyalton na kulipwa na mfuko huo walikuwa wanne tu. Mwishoni mwa 2016 mfuko ukaamua kupunguza malipo yao kwa takriban asilimia 60. Wanne hao hawakuwa na kosa lolote. Kabla ya kuvunja mkataba wowote wa muda mrefu, wa pensheni, wa bima au wa deni, dai kuandikiwa gharama ya kuuvunja.

Fedha za dharura zikija kutoka juu, nazo zina mtego wake. Mwaka 2021 serikali ya Marekani ilitenga dola bilioni 19.5 kwa ajili ya serikali ndogo za mitaa zenye watu chini ya 50,000, kwa masharti kwamba ziwe zimepangiwa kazi ifikapo mwisho wa 2024 na kutumika ifikapo mwisho wa 2026. Walionunua pampu au kubadilisha mabomba wamebaki nayo. Walioajiri wamebaki na mishahara ambayo mfadhili wake ameshaondoka.

Kuhusu kukopa, sikatai moja kwa moja. Mkopo wa muda mfupi wa kuvusha miezi mikavu, ambao unalipwa kodi inapoingia na kufutika kabisa kabla mwaka haujaisha, ni chombo cha kawaida. Kipimo chake ni hicho: je, kuna angalau mwezi mmoja katika mwaka ambapo deni hilo ni sifuri? Kama halishuki hadi sifuri, hamvushi msimu, mnaficha nakisi, na tumeshaona Yubari ilipofika. Mkopo wa miaka mingi kwa ajili ya kitu kitakachodumu miaka mingi hauna ubaya kama mapato ya kuulipa yapo hata yule mwajiri akifunga kabisa. Mkopo wa kulipa mishahara, hapana.

Na msijifariji kwamba benki isingekubali kukopesha kama hali ni mbaya. Leukerbad, mji wa chemchemi za maji moto kwenye milima ya Alps nchini Uswisi, ulikuwa na wakazi kama 1,500 tu, lakini ulikopeshwa kujenga mabwawa, ukumbi na vivutio vya wageni mpaka mwaka 1998 ukawa na madeni ya zaidi ya faranga milioni 300. Waliokopesha hawakuuangalia mji; waliiangalia kantoni (yaani jimbo) ya Valais iliyo juu yake, wakidhani italipa. Mwaka 2003 Mahakama Kuu ya Shirikisho ikaamua kwamba kantoni haikuwa na wajibu huo. Benki kukukubalia kunaweza kumaanisha tu kwamba inamtegemea mtu mwingine ambaye naye hajaulizwa.

Katika kila mdororo hutokea pia mtu mwenye dawa ya haraka. Nchini Norway, manispaa nane, Narvik ikiwa mojawapo, zilikopa kwa dhamana ya mapato yao ya baadaye ya umeme wa maji, zikaweka fedha hizo kwenye hati za uwekezaji ambazo bila shaka madiwani wengi hawakuzielewa. Mwaka 2007 soko la fedha la Marekani lilipotikisika, sehemu kubwa ikapotea. Wengine watakutajia Wörgl, mji mdogo wa Austria ambao mwaka 1932 meya wake, Michael Unterguggenberger, alitoa noti za mji zilizopungua thamani kwa asilimia 1 kila mwezi ili watu wasizifungie ndani. Kazi za umma zilifanyika, na watu wakazitumia noti hizo kulipa kodi zao za malimbikizo. Benki kuu ikazipiga marufuku mwaka 1933. Ni kisa kizuri, nami nakipenda, lakini sijaona nchi ya leo itakayokuachia ujaribu.

Nimebakiza ombi moja, nalo ndilo ningekuomba ulitangulize kuliko yote niliyosema. Omba taarifa za benki za akaunti zote zilizofunguliwa kwa jina la mji, zitoke benki moja kwa moja, zije kwa madiwani bila kupitia meza ya mweka hazina. Simtuhumu mtu wako, simjui. Lakini katika mji mdogo mtu mmoja mara nyingi ndiye anayepokea fedha, anayezilipa, anayeandika vitabu na anayepatanisha vitabu na benki. Na mdororo humpa mtu huyo kisingizio kamili: kila fedha inayopungua, ni uchumi.

Dixon, katika jimbo la Illinois, ni mji wa watu kama 16,000. Mhasibu wake mkuu, Rita Crundwell, aliuibia kuanzia 1990 hadi 2012 jumla ya dola milioni 53.7, akizipitisha kwenye akaunti ya benki yenye jina lililofanana na mfuko halali wa maji taka. Madiwani walipouliza kwa nini hakuna fedha za kutengeneza barabara, aliwaambia jimbo linachelewesha malipo. Hilo liliaminika, kwa sababu jimbo lilikuwa kweli na matatizo ya fedha. Wakaguzi wa nje walipitisha hesabu mwaka baada ya mwaka. Mwishowe alikuwa likizoni, na karani aliyemshikia nafasi akaiomba benki taarifa za akaunti zote. Kati yake mlikuwa na moja asiyoijua. Mwaka 2013 Crundwell akahukumiwa kifungo cha miaka 19 na miezi 7.

Barua ya kuomba taarifa hizo haizidi mistari mitatu. Iandikwe kwa jina la baraza ili isionekane ni shutuma ya diwani mmoja mgeni, na iombe akaunti zilizofungwa katika miaka mitatu iliyopita pamoja na zilizo hai. Zikija, weka salio la kila moja kando ya salio lililo kwenye ripoti ya mweka hazina ya tarehe hiyohiyo, mkae wawili mzipitie. Zikilingana, utakuwa umepata mstari wa kwanza wa lile jedwali la miezi 12.